Waya Mrefu wa Hidaya

Waya huchaguliwa kwa tundu, si kwa urefu. Mnauliza msemo huu nimeutoa wapi, nanyi mmeshaanza kucheka. Aliyeusema kwanza hakuwa akicheka. Ulianza hivi.

Hidaya alikuwa mpiga picha mjini. Mama yake alifariki siku alipomzaa, wala hakuwahi kupigwa picha. Alichoacha ni alama ya kiganja tu. Zamani kila bi harusi wa ukoo ule alichovya mkono katika udongo mwekundu na kuugandamiza ukutani, ndani ya pango la kilimani. Shangazi yake Hidaya, Bi Mwasiti, ndiye aliyejua kiganja cha mama ni kipi.

Siku moja shangazi akaleta habari kwamba kilima kimeuzwa kwa wachimba kokoto, na keshokutwa kingelipuliwa kwa baruti. Hidaya akaona lazima aipige picha ile alama. Lakini pango lina giza, na flashi huufuta wekundu uliokwisha kufifia. Kamera ilipaswa kukaa kwenye stendi, jicho lake likiwa wazi kwa muda mrefu bila kuguswa, kwa kuwa kidole huitikisa. Ulihitajika waya wa kuifyatulia kwa mbali, ule unaochomekwa kwenye tundu la kamera.

Dukani muuzaji alimwekea nyaya mbili mezani, akamsihi alete kamera yenyewe, kwani kila kamera ina tundu lake. Kamera ilikuwa nyumbani, na haraka ilikuwa imempanda kichwani. Hidaya akamjibu kwamba kazi hii hakuianza jana. Akachukua waya mrefu, apate kusimama nje ya pango, nyayo zake zisitikise mawe. Ule mfupi, ambao ndio ungeingia, akauacha pale pale.

Siku ya baruti walipanda kilimani asubuhi. Akatega stendi, akachomeka waya. Akaugeuza, akachomeka tena.

"Shangazi, hauingii."

"Si umesema ni waya wa kamera?"

"Ni wa kamera. Si wa hii."

Akabana pumzi na kubonyeza kwa kidole, mara nyingi. Kila picha ilitoka doa jekundu lisilo na vidole. Huko chini filimbi zikaanza kulia kuwaondoa watu.

"Twende, mwanangu," Bi Mwasiti alisema. "Mama yako alikwisha kwenda zamani."

"Alikuwa bado yupo hapa, shangazi. Anakwenda leo."

Walikuwa barabarani kilima kilipopasuka. Hidaya akaketi mavumbini, akalia kilio cha mfiwa, na mfiwa ndiye aliyekuwa.

Watu walikuja kumpa pole, wakataka kujua imekuwaje mpiga picha mzima akakosa picha. Hakuwa na nguvu za kueleza habari za pango na giza. Kila aliyeuliza alimjibu neno lile lile, hata wakaacha kuuliza: waya huchaguliwa kwa tundu, si kwa urefu.