Siku Fisi Alipochagua Mfungaji

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na mpira!"
"Ukadunda!"
"Ukamdundia nani?"
"Wewe, kichwani!"

Haya, chekeni tu. Shule niliacha darasa la sita, lakini mpira wa kikapu naujua kuliko aliyeushona. Sikilizeni.

Palikuwa na timu mbili: ya Fisi, na ya Pimbi, yule mdogo wa mawe asiye na mkia. Timu inayoshinda hunywa kwanza kisimani kiangazi kizima. Inayoshindwa hunywa tope. Msimu uliopita Pimbi alishindwa, wanawe wakanywa tope hadi matumbo yakaimba. Na mimi nilikuwa shabiki wa nani? Wa Fisi, bila shaka! Mimi na walioshindwa wapi na wapi?

Ikafika siku ya kuchagua wachezaji. Kanuni ilisema: aliyeshika mkia achague kwanza.

"Mkia?" Fisi akacheka, hii hii hii! "Wewe Pimbi mkia huna, utaushikaje? Mkia ninao mimi. Nachagua mimi!"

Nikapiga makofi mpaka viganja vikavimba.

Wachezaji walikuwa wawili tu, Twiga na Chatu. Pimbi akapiga magoti. "Mzee Fisi, chukua Twiga. Chatu niachie, nakuomba."

Fisi akasimamisha masikio. "Kwani ni mrefu?"

"Mrefu, mzee! Mnyooshe umpime."

"Ni mfungaji?"

"Weee! Mwaka jana alifunga miezi mitatu mfululizo!"

Fisi akanitazama. Mimi, mtaalamu, nikapaza sauti: "Mchukue Chatu! Mchukue Chatu!" Akamchukua. Pimbi akalia kwi kwi kwi, akaondoka na Twiga.

Mechi ikaanza. Du! du! du! Mpira kwa Twiga: chwa! Kikapuni. Du! du! du! Kwa Twiga tena: chwa! Chatu kalala katikati ya uwanja, mrefu kweli, mkono hana hata mmoja.

"Funga!" Fisi akafoka.

"Nimefunga, mzee."

"Umefunga wapi? Funga, wewe!"

"Nimefunga tangu mwezi uliopita. Sijatia kitu kinywani."

Sasa shabiki gani anakaa kimya timu yake ikizama? Nikapiga kelele: "Basi fungua!"

"Ahsante, ndugu yangu," Chatu akasema. Akamgeukia nahodha wake, akamkadiria toka kichwa hadi miguu, akapanua kinywa: aaaam!

Fisi? Akatimua mbio, puu! puu! puu! Likabaki vumbi. Mechi ikaishia hapo, vikapu arobaini kwa bila. Wana wa Pimbi wakanywa maji safi, glu glu glu. Mimi nikasubiri nyuma na kopo langu, na zamu yangu ilipofika, nikalichota tope lote, bichi.

Funzo ni hili: anayetaka kuchagua wachezaji vizuri amsikilize shabiki mwenye kelele kuliko wote. Nipo, nitafuteni.

Hapo ndipo nilipoitua hadithi. Ikiwa tamu, nimeitunga mimi. Ikiwa chachu, aliitunga Fisi.