Mtamba wa Ushirika wa Maziwa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilikuwa zimeshapanda milima ya Rungwe, lakini maziwa yalikuwa bado yanachacha njiani. Wafugaji walikuwa na ushirika mmoja na gari moja. Gari likipanda kituo cha juu, maziwa hayajaletwa. Likishuka kituo cha chini, yameshaharibika. Wa juu waliwalaumu wa chini, wa chini walimlaumu dereva, na dereva aliilaumu barabara.

Karani wa ushirika, Atupele, akatengeneza ukurasa kwenye mtandao. Ulifunguka katika simu yoyote na katika kompyuta ya ofisini, bila kupakua kitu. Kila kituo kingeandika maziwa yaliyopo, na wote wangeona papo hapo. Ukapendeza kweli. Hakuna aliyeufungua.

Dereva, Gwakisa, ndiye aliyeusemea. Kila kituo alichofika alizima gari, akaketi na watu, akawaonyesha. Aliyemcheka alimvumilia. Aliyesahau alimrudia. "Bonyeza hapa, mama. Usiogope, hauvunjiki." Kituo kwa kituo, watu wakaanza kuandika.

Mama Tusajigwe, mpokea maziwa wa kituo cha juu, akakataa. "Herufi zenyewe kama mayai ya chawa!"

Atupele akazikuza, na kesho yake zikawa kubwa katika simu za wote.

Akakataa tena. "Mtandao ukikatika, nilichoandika kinapotea."

Atupele akarekebisha, maandishi yakawa yanasubiri ndani ya simu mpaka mtandao urudi.

Akakataa tena. "Mnaniuliza lita tu. Barabara ikiharibika, niandike wapi?"

Atupele akashusha pumzi, akaongeza nafasi ya habari. Hapo ndipo mama yule alipokubali.

Masika yakaja, mto ukalibeba daraja. Mama Tusajigwe alikuwa wa kwanza kuliona. Mtandao haukuwepo, akaandika hivyo hivyo. Uliporudi, habari ikawafikia wote kwa pamoja. Gwakisa akageuza gari, akazungukia njia ya mashamba ya chai. Wa chini wakapandisha madumu yao kumpokea huko huko. Halikumwagwa hata tone.

Ushirika ukafurahi, ukatoa zawadi kwa aliyeokoa maziwa: mtamba mmoja wa ng'ombe, mweusi, mwenye mimba. Watatu wakaja kumchukua.

"Bila mimi mngeandika wapi?" akauliza Atupele.

"Ukurasa ulikuwepo, dada," akasema Gwakisa, "lakini ulikuwa shamba lisilolimwa. Nani aliwaleta watu?"

"Wanangu," akasema Mama Tusajigwe, "mlileta kitu kisichosomeka, kisichohifadhi, kisicho na mahali pa kuandika habari ya daraja. Kukataa kwangu ndiko kulikokinyoosha."

Wakatazamana, wakacheka, maana kila mmoja alijua wenzake hawasemi uongo. Lakini hakuna aliyeiachia kamba.

Wanachama wamebishana mpaka chai imepoa vikombeni. Haya, ninyi mnaonisikiliza, msininyamazie: je, nani alistahili kumswaga mtamba yule hadi zizini kwake?