Kwa Nini Mnana Jike Huvuta Kiota Kabla ya Kuolewa

Zamani, binadamu hajajua hata kusuka jamvi, minana walioana kwa jina. Dume akija kuposa aliulizwa neno moja tu: "Wa nani?" Akitaja babu aliyekuwa fundi wa kusuka viota, basi, posa imepokelewa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema, na hakuna aliyeinua kichwa kukitazama kiota chenyewe.

Kidawa, mnana jike, naye aliamini hivyo, mpaka masika yale kiota cha mumewe, mwana wa fundi, kilipofumuka juu ya mto. Makinda watatu wakachukuliwa na maji, na mume kwa aibu akahama nchi. Kidawa aliumia kupita kiasi. Tangu hapo hata salamu aliipima mara mbili, na siku za kutaga tena zilikuwa zinamkaribia.

Wakaja kuposa ndugu wawili wa tumbo moja, Fumo na Kombo.

"Wa nani?"

"Wa Mzee Fundo!" wakajibu pamoja.

Damu ile ile, tena damu ya fundi asiye na mfano. Kidawa akashuku. Mbona kiota cha Fumo kilikwisha kwa asubuhi moja, na mwenyewe hataki kiguswe? Na Kombo je, mbona chini ya tawi lake pamejaa viota vilivyooza?

Akamwuliza jirani yake Tetere, njiwa aliyejifunza kusuka pamoja na Kombo.

"Shoga, tulianza siku moja," Tetere akasema. "Yeye akishika jani, mdomo unajua pa kupita. Mimi misimu mitatu, na mpaka leo ni vijiti vitatu tu. Lakini huyo Fumo sijamwona akijifunza hata siku moja."

Hata hilo Kidawa hakuliamini. Angejuaje kama Tetere na Kombo hawakupanga maneno? Akaenda kwa Fumo, akaning'inia mlangoni mwa kiota, akavuta.

"Bibi, unamvunjia babu heshima!" Fumo akalia. Kiota kizima kikafumuka.

Akaenda kwa Kombo, akavuta kwa uchungu wote wa makinda wale. Tawi likainama, kiota kikashika.

"Nani kakufunza?"

"Vile vilivyoanguka," Kombo akajibu.

Kidawa akatokwa na machozi. Kisha akavuta tena.

Na tangu siku hiyo mnana jike haulizi mtu ni wa nani. Dume humwimbia na kumpigia mbawa, naye huingia kimya, akavuta jani moja moja. Likilegea, dume hukifumua kiota mwenyewe akaanza upya, na jike huenda tawi la pili. Bora achelewe kutaga kuliko kuwahi kulia.