Unyayo wa Fisi Kwenye Chungu cha Kanga

Ngano hii aliitoa kwanza shangazi yetu, Bi Siwema binti Mwinjuma, kule Korogwe, Januari 2019, siku ya arobaini ya mumewe. Wapo wanaosema ni ya mjomba Chambo. Si kweli. Mjomba aliisikia hapo hapo, akiwa amekaa karibu na sufuria.

"Mmekaa?" aliuliza shangazi.

"Tumekaa."

"Masikio mmekuja nayo?"

"Yako wazi, mimina."

Basi wanyama walikuwa na kikundi chao kwenye simu, Wapenda Maua ya Vyungu, na kila Ijumaa waliuziana miche humo. Mkuu wa kikundi alikuwa Fisi, ambaye hakuwahi kumwagilia hata nyasi. Siku moja akatangaza kuwa wauzaji holela wamezidi na kwamba yeye, kwa huruma zake, atawalinda wanunuzi. Kila muuzaji achovye unyayo kwenye chokaa, aupige ubavuni mwa chungu chake, kisha alete ua likaguliwe. Atakayeonyesha sokoni chungu chenye unyayo wa mwingine, wakimlalamikia watatu, simu itamtoa yenyewe bila kusikilizwa. Fisi hakupenda kusumbuliwa na rufaa.

Kanga akapeleka ua. Fisi akakagua, akakagua, ua halikurudi.

Swala akapeleka ua. Fisi akakagua, akakagua, ua halikurudi.

Tumbili akapeleka ua. Mnajua.

Maua yenyewe Fisi aliwauzia wapita njia, kimyakimya, bila picha, vyungu vikabaki barazani kwake.

Ikafika zamu ya Karunguyeye. Yeye alikuwa na waridi la jangwa moja tu, na miche yake ndiyo iliyowalisha wanawe. Akilipeleka, watoto watalala njaa. Asipolipeleka, haruhusiwi kuuza. Akaenda, chaka-chaka-chaka, mikono mitupu.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Ua liko wapi?"

"Linakuja, mzee wangu. Nimecheleweshwa na kukutetea. Wanasema hujui maua, na hata chungu huna."

"Nani anasema?"

"Mimi mdogo, sitaji watu. Ila ningekuwa na baraza kama hili, ningelipiga picha lote, na unyayo wangu kila chungu, nikaiweka sokoni wakome."

Fisi akachovya mguu kwenye chokaa. Pwa! Chungu cha Kanga. Pwa! Cha Swala. Pwa! Cha Tumbili. Nyayo za wenyewe hakuzifuta, maana kufuta ni kazi. Akapiga picha, akaituma kikundini.

Kanga akauona unyayo wake. Ti! Akalalamika. Swala, ti! Tumbili, ti! Simu ikafanya fyuuu, Fisi nje.

Akamgeukia Karunguyeye, akamsihi amwombee arudi.

"Ningependa sana, mzee wangu," akasema Karunguyeye. "Lakini sheria yako nzuri mno, sithubutu kuigusa."

Wenye vyungu wakaja kuchukua vyungu vyao, wakamchagua Karunguyeye awe mkuu. Sheria akaiacha vilevile. Sasa maua yanakaguliwa kwake.

Funzo, wanangu: mkubwa akitaka kuikagua mali yako, mpelekee mapema na umshukuru. Anakupenda.

Ngano nimeitua, mwenye mabega aibebe.

Karunguyeye yu hai, na amenenepa. Swala na Tumbili wako hai. Fisi yu hai, amefungua kikundi kingine, cha wapenda manyoya. Kanga alikuwa hai mpaka juzi, alipoitwa huko kukaguliwa.