Fundo la Khanga

Leo msiniitikie amina mapema, kwa sababu nimekuja hapa na hasira na sitaki mnipoze kabla sijamaliza. Nisikilizeni kwanza.

Palikuwa na mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mume akapatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na fundi asiye na mkono wa kulia mnajua wenyewe anabaki na nini. Alitoka hospitali anaburuta mguu, vidole vikifunguka kidogo tu.

Siku moja akaja nyumbani kwao mtaalamu kutoka hospitali, dada mmoja wa wale wanaowafundisha waliopooza kuzirudia kazi za kila siku. Hakuja na mashine yoyote. Aliomba kopo la nati na bolti za yule fundi, akaliweka mezani. Kisha akaomba khanga, akaufunga kifuani mkono wa kushoto, ule mzima.

"Huu mzima ndio unaomharibia mwenzake," akamwambia mke. "Ukiwa huru utafanya kila kitu, na wa kulia utasahau kazi kabisa. Kila asubuhi akishakaa vizuri, mfunge, saa tatu mpaka saa sita. Avishe nati kwenye bolti kwa huu huu mgonjwa. Ikianguka, aiokote mwenyewe."

"Na akilia?"

"Atalia, mama. Na wewe atakutukana. Usimfungulie."

Mnadhani hiyo ni kazi ndogo? Umfunge mume uliyezaa naye, halafu ukae hatua moja tu kutoka kwake, mikono mapajani, unamwangalia anavyohangaika na kitu ambacho wewe ungekimaliza mara moja? Wiki ya kwanza hakuvisha hata nati moja, naye akamwita mkewe mchawi. Wiki ya tatu akavisha moja, na mke akaenda jikoni akalia huko peke yake. Wiki ya sita zilikuwa nne, na vifungo viwili vya shati alivifunga mwenyewe.

Ndipo wakaja wageni. Watu wa kanisa, watano, wana soda, wana sukari, na wimbo uko tayari mdomoni. Wakamkuta fundi uani kwenye kigoda, amefungwa khanga, jasho na machozi vinamtoka, nati iko chini, na mke amekaa tu.

"Dada," akasema kiongozi wao, "mumeo unamfunga kama mbuzi wa sikukuu?"

"Ni mazoezi. Mtaalamu wa hospitali ndiye aliyeagiza. Naombeni mkae, imebaki nusu saa."

"Mazoezi gani ya kumliza mgonjwa? Huna hata huruma?"

Wakalifungua fundo. Mmoja akaiokota nati, akairudisha kwenye kopo. Mwingine akamnywesha soda. Na yule mume, nisiwafiche, alifurahi. Alisema, "Asanteni." Mke alilisikia neno hilo, na lilimchoma kuliko matusi yote ya wiki sita.

Habari zikatembea. Kabla ya wiki kwisha shemeji yake akaja, akamchukua kaka yake, eti akapumzike. Huko alilishwa, akaogeshwa, akafungwa vifungo vyote. Mke alikwenda kila Jumatano na kopo lake kwapani, akaambiwa mlangoni, "Hata huku unamfuata kumtesa?" Alirudi nalo, na kwa hasira aliyokuwa nayo alipishana na watu bila kuwasalimu, wakasema, mnaona, ana kiburi.

Ikapita miezi minne. Wale wageni walikwenda kumwona mara moja, wakaimba, wakaondoka. Wa nyumba ile nao wakachoka, kama watu wanavyochoka, na asubuhi moja fundi akarudishwa kwa mkewe na mfuko wa nguo. "Tumeona mwenye mgonjwa ni mke," wakasema. Vidole vya kulia vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, na kucha zimeacha alama kwenye ngozi.

Mke aliupokea mfuko. Alimketisha uani akaenda kupika uji. Aliporudi alimkuta mume ameivuta khanga kutoka kwenye kamba ya nguo, ameilaza mapajani, na mkono wa kushoto ameubana kifuani mwenyewe.

"Nifunge," akasema. "Nilikuacha peke yako mbele yao. Nifunge."

Akamfunga, kwa hasira, mafundo mawili. Kisha akaenda kulileta kopo.

Mfano huu nimeutunga. Wale wageni sikuwatunga. Msigeuze shingo kutafuta ni nani, ni sisi. Sisi tunaokaa kwa mgonjwa saa moja, tukatoka na maneno ya kutosha mwaka mzima. Anayelisha tunamwita ana upendo, anayefunga tunamwita katili, na swali hata moja hatujauliza. Msije mkatoka hapa mkasema mhubiri amefundisha kwamba Mungu hutufunga. Mungu leo simsemi. Nawasema watu watano wenye soda, na mimi nimo, kwa sababu sijui nimewanywesha wagonjwa wangapi ili mimi mwenyewe nijisikie mwema.

Naona mnataka niwaambie kama mkono ule ulipona. Siwaambii. Miezi minne ile hamkuwepo, sasa mnataka kuwepo siku ya furaha?

Wapo kati yenu watakaopita kwa mgonjwa wakitoka hapa. Piteni. Soda bebeni. Lakini mkifika, mtafuteni yule anayeamka naye kila siku, mmuulize, "Tukusaidie nini?" Akisema fueni nguo, fueni. Akisema kaeni kimya mpaka saa sita, kaeni. Na nati ikianguka, mikono yenu ibaki mapajani.