Hodi Mbili za Doto

Kaeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Zamani watoto wa nyota walikuwa na adabu. Hawakupita ndani ya ukuta wala ndani ya tumbo la mtu kama wanavyofanya leo. Walisimama mlangoni wakapiga hodi, mara moja tu, kama watu wote wa wakati ule.

Basi Nyota mmoja mzee akahisi kifo. Akawatuma wanawe pacha, Kulwa na Doto, wadogo kuliko vumbi la ulezi, waje kuwaambia watu wa Uvinza: mama yetu anakufa, tokeni nje mumlilie. Maana kufa bila kuliliwa ni kufa kama kuku.

Pacha wakafika kwa Nyamizi, mchemsha chumvi, siku anayomwoza binti yake. Wakapiga hodi. Kwa ngoma zile, nani angesikia? Walisimama mpaka vyungu vikaoshwa. Kulwa akasema, "Hawa hawatuoni watu. Tupite tu." Wakapita: ukuta, bibi harusi, mlima. Hakuna kilichowazuia tena, wakawa wanapita huku na huko na ujumbe wao.

Mwezi, ambaye hajawahi kutunza siri ya mtu, akamwambia Nyamizi ni nani aliowaacha mlangoni, na kwamba sasa huonekana majini tu, penye utulivu. Aibu ikamla. Akabeba mtungi wa maji akashuka pangoni, chini kabisa, makelele yasikofika, akayakodolea maji macho.

Majirani wakamchungulia. "Nyamizi, unangoja mume humo?"

"Mume angenitafuta yeye. Mimi nangoja wageni niliowakosea."

Siku ya tisa Kulwa akajikwaa majini. Cheche moja, kisha kimya. Nyamizi hakuinuka, cheche moja hata jiwe hutoa. Akawaza kama mtu wa kazi yake: chumvi hushika. Akatia ile kali ya chini ya chungu. Doto akapita: cheche. Alipotaka kuponyoka, kiatu chake kikanaswa na chumvi: cheche ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

"Mbili hizo ni hodi. Karibu, baba," akasema Nyamizi.

Doto hakuwa amewahi kukaribishwa popote. Akautua ujumbe. Nyamizi akawatoa watu nje, wengine na miko mkononi, na mchana kweupe wakamwona Nyota akiwaka kama jua dogo. Wakamlilia mpaka akazimika, naye akaenda kwa heshima.

Na tangu siku ile ya harusi, Kulwa na Doto wanapita ndani yenu hata mnapokula. Wanaowatafuta hushuka chini ya milima na maji mengi na chumvi ya aina yake. Cheche moja huitilia shaka, mbili zikifuatana husema Doto amepita. Nasi hodi hupiga mara mbili, na wa ndani huitikia hata kama hajui aliye nje ni nani.