Manyoya ya Bawa la Kushoto

Paukwa!

— Pakawa!

Mlango?

— Umefungwa!

Komeo?

— Limetiwa!

Basi sogeeni. Asibaki mtu peke yake kule nyuma.

Hapo kale, pale kijiji kilipoishia na msitu ukaanza, waliishi Mbeyu na baba yake, Mzee Ngowa. Baba aliwinda, Mbeyu akatengeneza mishale. Alikata fito za mkole, akazimenya, akazikausha kivulini mwezi mzima, akazinyoosha juu ya moto. Mwisho alifunga mkiani manyoya matatu ya tai, yote ya bawa moja. La kushoto, la kushoto, la kushoto. Ukichanganya mabawa, mshale huanza vizuri, halafu hupinda njiani. Alipokosea utotoni, baba alicheka mpaka akakohoa.

"Mbeyu mwanangu, ndege gani huyu?"

Tangu hapo hakukosea tena. Kila unyoya aliutazama mara tatu. Alikuwa mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wake ndio uliomnyooshea mishale.

Siku moja baba akaingia msituni. Siku ya kwanza hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Siku ya tatu, jua la utosi, mtu akabisha.

"Hodi, fundi!"

"Karibu," Mbeyu akajibu kwa mazoea. Laiti angelimeza neno lile!

Mgeni alikuwa mrefu kupita mlango. Kilemba chake kilishuka mpaka shingoni. Mkononi alishika uta na mshale mmoja.

"Nitengenezee mitatu kama huu."

Mbeyu akaupokea. Karibu na mkia aliona mikato mitatu midogo. Ilikuwa alama yake, ya kisu chake mwenyewe. Chembe, ile ncha ya chuma, ilikuwa na damu iliyokauka, nyeusi kama lami.

"Umeupata wapi, bwana?"

"Mzee mmoja alinichoma nao begani. Ana shabaha, mshenzi yule! Sasa yuko juu ya mti, mishale imemwishia, na mimi kupanda siwezi. Nataka kumtungua."

"Njaa inaniuma," kilemba kikasema.

Ndiyo, kilemba! Mdomo wa mgeni ulikuwa umefumba. Sauti ilitoka kisogoni. Nani ana mdomo kisogoni, jamani?

— Zimwi!

Shh! Semeni polepole.

"Nikikosa," zimwi likasema, "nitarudi kumla fundi."

Likaketi kizingitini. Mbeyu akachukua fito zilizokauka. Uzi ukamponyoka, akauokota. Mishale ikiwa mizuri, baba atakufa. Ikiwa mibaya, atakufa yeye. Akafunga unyoya wa kushoto. Akafunga wa kushoto. Akashusha pumzi, akafunga wa kulia. Yote mitatu akaifanya hivyo.

Zimwi likafumba jicho moja, likautazama uti wa mshale mmoja. "Umenyooka." Likalamba chembe. "Kali." Likarudi hatua tatu uani, likapiga mwimo wa mlango. Pa! "Unakwenda." Manyoya halikuyatazama.

"Niachie ule wa zamani," Mbeyu akasema kwa sauti nyembamba. "Ukitaka mingine, niwe na kielelezo."

"Fundi ana akili," zimwi likasema, likaenda zake.

Angekimbia? Akimbilie wapi? Akatungua uta wa akiba ukutani, akaupachika ule mshale wa zamani. Maisha yake yote alikuwa hajapiga kitu ila mgomba.

Akasikia kutoka msituni, "Nimekosa!"

Kimya.

"Nimekosa!"

Kimya.

Mara ya tatu halikusema neno. Ndege wote wakanyamaza. Kisha miguu. Tu. Tu. Tu.

"Fundi!"

Zimwi likainama kupita mlangoni, kilemba kikaanguka. Kisogo kikamwelekea Mbeyu, mdomo wazi mpaka kooni, nao ukaita taratibu, "Mbeyu."

Wala hakuwahi kulitajia jina lake.

Akaachia upote wa uta. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto! Mshale haukupinda. Uliingia mdomoni moja kwa moja, na zimwi likaanguka likaziba mlango.

Mbeyu akabaki ndani, uta mkononi, akilitazama lisije likapumua. Alikaa hivyo mpaka aliposikia mtu anachechemea uani. Alikuwa baba. Alilivuta zimwi pembeni, akaingia na mshale mmoja alioung'oa kwenye tawi lililokuwa karibu na sikio lake. Akaugeuza. Akatazama manyoya. Safari hii hakucheka.

"Mbeyu mwanangu, ndege gani huyu?"

"Ndege wa kukurudisha nyumbani, baba." Meno yalikuwa bado yanamgongana. "Funga mlango."

Mshale wangu umeangukia hapo. Atakayeuokota autazame manyoya.

Mlango?

— Umefungwa!

Aliyeufunga ni nani?

Mbona mmenyamaza?